Jibu: Binti wa tatu na jina la babu

Waalaykum salaam dada, hongera kwa kujifungua salama. Nimekuelewa hivi: huyu ni binti wa tatu, mkweo huko Wete, Pemba, analalamika kuwa jina la babu litapotea, na siku ya saba inakaribia hamjakubaliana jina.

Kwanza zungumza na mumeo faragha, kabla wazee hawajakaa. Sijui yeye ana msimamo gani, na hilo ndilo zito. Kwetu sisi, wenye mabinti pekee, maneno yalikoma mume wangu alipomwambia mama yake waziwazi kwamba ameridhika. Tena mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe mwanamme au mwanamke. Usikubali kubebeshwa lawama, dada yangu.

Hilo la jina kupotea mimi silioni. Binti wa Pemba hutumia jina lake, la baba na la babu, na akiolewa habadilishi. Mwachieni mkweo achague jina la kwanza, pengine la mama yake mzazi, au kama mtoto kazaliwa Ijumaa, Mwanajuma. Akika, yaani mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga, kwa binti ni mbuzi mmoja. Mchinjeni kwa furaha, majirani waalikwe. Cheti cha kuzaliwa kifuateni mkishakubaliana hata herufi za jina, maana kurekebisha baadaye kunasumbua.