Taulo, choa na jipu: majibu kwa wapiga tizi wa Dar

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa watu wa mazoezi. Nimechagua matano.

Dada, nafanya mazoezi jimu moja ya Sinza. Nimetokwa na duara pajani karibu na kinena, linawasha, kingo zimeinuka. Duka la dawa wakanipa krimu, nikapata nafuu siku nne, sasa limesambaa hadi kiunoni. Dawa ni feki?

Sidhani. Kwa ulivyoeleza hicho ni choa, wengine wanakiita mashilingi, na choa ni fangasi. Soma ubavuni mwa bomba la krimu. Ukikuta imeandikwa clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi. Inatuliza mwasho siku chache, lakini inadhoofisha kinga ya ngozi na fangasi inatambaa kwa raha zake. Nyingi za krimu hizi zimechanganya steroidi, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi ndani ya bomba moja, ndiyo maana zinauzwa kama dawa ya kila upele. Ukiendelea kuzipaka kinenani ngozi huwa nyembamba na kupasuka mistari kama ya tumbo la mjamzito, na mistari hiyo haiondoki.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu choa kikiwa bado kichanga kinatibika kirahisi: krimu ya clotrimazole peke yake, mara mbili kwa siku, uvuke kingo za duara kidogo, wiki mbili hadi nne, wala usiache siku mwasho unapokoma. Wewe umeshapita hapo. Nenda kituo cha afya na bomba lako mkononi, wakwangue magamba wayatazame kwa hadubini. Huenda ukahitaji vidonge, au rufaa ya kliniki ya ngozi Muhimbili.

Tena kagua vidole vya miguu. Fangasi ya miguuni hupanda kinenani kwa boksa unayoipitisha hapo kila asubuhi. Vaa soksi kwanza, ndipo boksa.

Jimu yetu ya Mbagala haina bafu. Natoka na jasho, napanda daladala, nafika nyumbani saa nne usiku. Mgongoni nimeota madoa meupe.

Madoa hayo yanafanana na utangotango. Vimelea vyake tunaishi navyo sote ngozini, joto na jasho huvichochea, na fukuto la Desemba hadi Machi hapa Dar linavipa nafasi nzuri. Hauambukizi, wala si alama ya uchafu. Dawa ya kupaka ipo, ila rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi, usikate tamaa. Kabla ya kupanda daladala jifute hadi ukauke, badilisha fulana na nguo ya ndani. Zile mbichi zisilale ndani ya begi.

Nina jimu ndogo Tabata. Wateja watatu wamepata majipu. Nisafishe vyuma kwa kutumia nini?

Nakushukuru kwa kuuliza, wengi wangenyamaza. Mwaka 2003 timu ya mpira wa Kimarekani ya St. Louis Rams ilipata majipu ya bakteria sugu: wachezaji 5 kati ya 58. Wachunguzi waligundua maambukizi yote yalianzia kwenye michubuko, wachezaji walikuwa wakishirikiana taulo, na vifaa vya mazoezi havikusafishwa kwa utaratibu. Kwa hiyo anza na taulo: kila mtu aje na yake, atandike kwenye benchi kabla ya kulala. Mwenye kidonda akifunike, na kikivuja usaha apumzike nyumbani.

Kila siku osha benchi na vishikio kwa maji ya sabuni, maana uchafu huidhoofisha jiki. Kisha paka jiki iliyochanganywa: kwa ile ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Acha dakika kumi, halafu futa kwa maji safi kwa sababu jiki hula chuma na ngozi ya benchi. Changanya mpya kila siku. Benchi lililochanika lishonwe upya, sponji ikishanyonya jasho haisafishiki tena. Weka pia maji tiririka na sabuni mlangoni.

Nina jipu kwapani. Nilikamue?

Hapana. Kulikamua kunaweza kusukuma usaha ndani zaidi. Weka kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Usimeze amoksilini iliyobaki nyumbani, bakteria wengi wa majipu wameshaizoea. Ukipata homa, wekundu ukienea, jipu likiwa usoni, au una kisukari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kwapa usilinyoe hadi lipone.

Mdogo wangu, kijana wangu wa kidato cha tatu anataka kuanza jimu. Nimnunulie nini?

Shikamoo, mama. Mnunulie taulo mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifutia, za rangi tofauti asizichanganye. Kandambili za bafuni, soksi za pamba jozi kadhaa, plasta za michubuko, na kiwembe chake mwenyewe asichomwazima rafiki hata siku moja. Taulo zifuliwe kila anapotoka mazoezini na zianikwe juani, si nyuma ya mlango.