Maswali yenu ya upepo: soma namba ya pili

*App imesema upepo kilomita 18 kwa saa, mbona bati zangu zimeng'oka? (Ikungi)*

Swali hili limekuja mara nne mwezi huu na wote mna kosa moja, mnasoma namba moja tu. Hiyo 18 ni wastani. Chini yake au pembeni kuna namba ya pili, ya dharuba, yaani lile pigo kali la sekunde chache, na paa linaezuliwa na pigo, haliezuliwi na wastani. Tena kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, kwa hiyo siku ya 18 yenye dharuba za 45 bati zako zinavutwa kwa nguvu zaidi ya mara sita ya ulivyodhani. Halafu panda juu ukaangalie misumari. Juzi nimepanda kwa jirani yangu, ukingo mzima wa paa umeshikwa na misumari mitano, miwili ukiivuta kwa vidole inatoka na kenchi imelazwa tu juu ya tofali, haijafungwa hata kwa waya. Upepo unaanzia pembeni na kwenye kona, huko ndo pa kuongeza misumari. Na fundi asiyefunga kenchi kwenye ukuta usimlipe hela ya mwisho.

*Upepo wa kusini mashariki unaenda wapi?*

Kaskazini magharibi. Upepo unaitwa kwa kule unakotoka, nimeshalijibu hili mara nyingi.

*Mita 10 kwa sekunde ni nyingi?*

Zidisha kwa 3.6, ni kilomita 36 kwa saa. Kama hiyo ndiyo namba ya wastani, ni nyingi, usipande juu ya paa siku hiyo.

*Asubuhi shwari kabisa, saa sita mchana vumbi tupu, kwa nini? (Manyoni)*

Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa nzito inalala, upepo wa juu unapita bila kuigusa. Jua likishika, hewa ya chini inapanda na ya juu inashuka na kasi yake yote, ndo hayo mapigo. Hujauliza ila nakwambia, kupulizia dawa mchana ni kumpulizia jirani na watoto wake. Alfajiri hewa ikiwa imekufa kabisa pia usipulizie, ule ukungu wa dawa unaning'inia tu na hujui utaishia wapi, subiri majani yaanze kucheza kidogo.

*Nijenge ukuta upande wa upepo kukinga shamba?*

Hapana. Ukuta upepo unauruka halafu unajibwaga nyuma yake kwa fujo. Panda safu ya miti inayopitisha karibu nusu ya upepo, migrevilea inafaa, ya mita 6 itakukinga mpaka mita 60 hivi. Usiache pengo la mkokoteni katikati, upepo ukibanwa pale unaongeza mbio na mahindi ya hapo yatalala.

*TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametoa angalizo la upepo mkali, linanihusu?*

Soma maeneo yaliyotajwa kabla ya kusambaza kwenye magrupu, mara nyingi ni ya pwani.

*Wingu jeusi linakuja lakini app haijasema kitu, niendelee kuanika alizeti? (Iramba)*

Anua sasa hivi. App inakadiria kwa mraba wenye upande wa kilomita 9, nyingine 25 na zaidi, wingu moja juu ya kijiji chako halionekani humo. Mvua ikianza kushuka ndani ya wingu inapoza hewa, hewa hiyo inaporomoka, ikigonga chini inatawanyika pande zote na inakufikia kabla ya tone la kwanza. Ukisikia upepo umekata ghafla, kisha ubaridi unakupiga usoni na ukuta wa vumbi unasogea, una dakika chache tu. Acha turubai, ingiza watoto ndani, na msijikinge chini ya mti.