Maswali ya Wasomaji: Nyuroni Iliyonyamaza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja hapa Tanga. Nimepakua NEURON, programu ya kompyuta inayoiga utendaji wa nyuroni, yaani seli za neva, ili wanafunzi wa kidato cha sita waone jinsi umeme unavyopita katika neva, nikaanza kusoma nyaraka zake kutoka ukurasa wa kwanza hadi nikachoka. Nyuroni niliyoitengeneza ilitoa mipigo ya umeme vizuri, lakini nilipoweka joto la nyuzi 37, ili ifanane na mwili wa binadamu, mipigo ikatoweka. Nimekosea wapi, na nyaraka hizi zisomwe vipi?
Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, amri zako ni sahihi, ulichobadilisha bila kujua ni mnyama. Chaneli za ioni (vipenyo vya utando wa seli vinavyopitisha chaji) zinazoitwa hh katika programu hiyo zinafuata milinganyo ambayo wanasayansi Hodgkin na Huxley waliichapisha mwaka 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi, ndugu wa hao wanaouzwa katika soko lenu la samaki, ila ngisi hao wa majaribio walivuliwa katika bahari baridi ya Uingereza. Ndiyo maana joto chaguo-msingi la programu, yaani linalotumika usipoweka lako, ni nyuzi 6.3. Katika milinganyo hiyo, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha milango ya chaneli mara tatu, kwa hiyo ukifika 37 milango inakwenda kasi takriban mara 29, ilhali uwezo wa utando kuhifadhi chaji unabaki vilevile. Milango ya sodiamu hujifunga, na ya potasiamu hufunguka, kabla utando haujapata nafasi ya kupanda hadi kileleni. Kwa somo la darasani, rudi kwenye 6.3; ukihitaji nyuroni ya mamalia, tafuta chaneli zilizopimwa kwa mamalia, na hazina ya mtandaoni ya ModelDB inazo nyingi, pamoja na miundo kamili iliyokwisha kuchapishwa.

Kuhusu nyaraka, nadhani ulianza na sehemu isiyokusudiwa kusomwa mfululizo. Marejeo ya amri ni kama kamusi, na hakuna anayejifunza lugha kwa kusoma kamusi kuanzia herufi A. Anza na mafunzo ya hatua kwa hatua ya kutumia NEURON kwa lugha ya kompyuta ya Python, yale yanayojenga seli yenye mwili wa mviringo na tawi moja, uandike kila mstari kwa mkono wako, kisha ndipo ufungue marejeo kutafuta neno moja tu lililokukwamisha.

Unapoyafungua, tazama kwanza vipimo na thamani chaguo-msingi. NEURON hupokea namba tupu na kuichukulia kuwa maikromita kwa urefu, milivolti kwa volteji, milisekunde kwa muda, na nanoampea kwa mkondo wa elektrodi. Ukiandika namba iliyo kubwa au ndogo mara elfu moja kuliko inavyotakiwa, haitakulalamikia. (Programu ya Brian, nayo ya kuiga nyuroni, kwa upande wake, hudai uandike kipimo na hukataa hesabu zisizolingana, jambo ambalo mimi binafsi ninalipenda.) Kipande kipya cha seli huzaliwa kikiwa na kipenyo cha maikromita 500, unene wa neva ya ngisi na si wa nyuroni ya binadamu. Amri ya psection itakuonyesha thamani zote zilizomo, nawe uiite kabla ya kila jaribio.

Kosa lako lenyewe linafaa kuwa kipindi kizima: wanafunzi wapandishe joto kidogo kidogo kutoka 6.3, wapime kimo na upana wa kila mpigo, na wachore grafu hadi mahali mpigo unapokatika.