Uwanja ukiwa na paa, timu irushe mpira tu?

Swali: Katika futiboli ya Kimarekani, timu ya chuo kikuu cha Syracuse inacheza nyumbani chini ya paa, bila upepo wala theluji. Kwa nini chuo cha namna hiyo kisitegemee pasi ndefu na kasi, yaani kuanza kila mchezo haraka bila kupumua, peke yake?

Jibu: Paa linasaidia pasi, hilo halina ubishi. Chukua pasi ngumu kuliko zote: mpira umewekwa kwenye alama za kushoto (vistari vya ndani ya uwanja ambako mchezo huanzia), mpokeaji anakatia mstari wa pembeni wa kulia. Uwanja una upana wa futi 160, na alama za vyuo ziko futi 60 kutoka mstari wa karibu. Ule wa mbali uko futi 100. Mpokeaji akikata baada ya yadi 15 (yadi moja ni futi tatu), mpira unasafiri hewani zaidi ya yadi 35. Nje, upepo wa Novemba ukiuchelewesha kidogo tu, beki anaudaka. Ndani, kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, mwenye mkono mzuri anaurusha bila kusita.

Ila watazame chuo cha North Dakota State. Wanacheza ndani ya Fargodome, uwanja wenye paa, na kati ya misimu ya 2011 na 2021 walitwaa ubingwa wa FCS, daraja la pili la futiboli ya vyuo, mara tisa, msingi wao ukiwa kukimbia na mpira mkononi. Silaha kubwa ya paa ni kelele, nayo humwumiza mgeni. Kwotabeki wa wageni hasikiki, hivyo anainua mguu kama ishara, gadi (mlinzi wa kando ya senta) anamgusa senta, na senta, anayeanzisha mchezo, anamrushia mpira nyuma. Takeli, mzuiaji wa pembeni, hasikii hesabu ya kuanza. Anasubiri kuuona mpira ukisogea, na tayari amechelewa. Akiondoka kabla ya mpira, timu yake inarudishwa yadi 5. Mateso hayo huwa makali zaidi mgeni akiwa nyuma na kulazimika kurusha. Kazi yako basi ni kutangulia kwa mabao na kupumzisha ulinzi wako. Pasi tatu zilizoanguka chini hazipumzishi mtu: saa inasimama kila mara, na ulinzi unarudi uwanjani haujanywa hata maji.

Kasi nayo ina bei. Uwanja wa Syracuse, uliobeba jina la kampuni ya viyoyozi ya Carrier, ulikaa miongo bila kiyoyozi. Septemba mle ndani kasi iliwachosha wenyeji sawasawa na wageni.

Ningejenga mfumo kwa kutazama ratiba nzima, maana mechi za ugenini nyingi ziko nje. Mbinu za uwanjani zibaki zilezile, kinachobadilika nyumbani ni mwendo. Ukitaka kuharakisha, usibadilishe wachezaji: ukiingiza mmoja, mwamuzi humpa mpinzani nafasi ya kubadilisha wake, na haraka yako imeishia hapo. Pasi ile ya mstari wa mbali itumie nyumbani. Ugenini badala yake mrushie mpokeaji wa upande mfupi, ule ulio karibu na mpira. Wiki ya safari fanya mazoezi nje, na mipira ichovywe kwenye ndoo ya maji kabla ya senta kuigusa. Kwotabeki aliyezoea mpira mkavu huushika kwa ncha za vidole, na ukilowa humponyoka akiwa ameshanyanyua mkono.