Gawanya kwa 24: kwa wanaoanza kuunda vigari vya mfano

Kigari changu cha kwanza kilikuwa Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24, na nilikiharibu kwa kukiongezea vitu. Nilikuwa nimesoma kwamba seti ya vipande vya plastiki inayotoka kiwandani ni mwanzo tu na kwamba mjenzi hodari huiboresha, nami nikadhani kuboresha ni kurundika: nyaya, mabomba, mikanda ya viti, matabaka matano ya rangi nyekundu na mengine manne ya klia, ile vanishi angavu ya kung'arishia, juu yake. Kilipokauka kilifanana na peremende iliyokwisha kulambwa. Mistari ya milango ilikuwa imezibwa na rangi, boneti ilionekana kama imeumuka, na nyaya za milimita moja nilizozipachika ndani zingekuwa, kwenye gari la kweli, nene kama bomba la maji la nyumbani. Ilinichukua miaka na masanduku mengi kutambua kwamba kosa halikuwa la mkono bali la hesabu, na ndiyo sababu ushauri ninaompa yeyote anayeanza kazi hii hapa Nairobi hutanguliza kikokotoo kabla ya kisu.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kila kipimo cha gari la kweli kigawanywe kwa 24. Datsun 240Z ina milimita 2,305 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kwa hiyo modeli yako iwe na 96. Rimu yake ya inchi 14, yaani milimita 356 hivi, iwe na 14.8. Hayo huwa seti nzuri zimeyapata tayari, na ukipima utaridhika. Kinachowaponyoka wengi ni vipimo vidogo. Mwanya kati ya mlango na bodi ya gari la kawaida ni milimita nne au tano, nao kwenye modeli unakuwa 0.2. Bati la fenda halizidi milimita moja, nalo kwenye modeli lingepaswa kuwa 0.04, ilhali plastiki uliyoishika ina unene wa milimita moja au zaidi. Izidishe kwa 24 uone: umeshika gari ambalo bati lake lina unene wa karibu sentimita mbili na nusu. Kiwanda hakina lawama hapo, kwa sababu plastiki haiwezi kumiminwa nyembamba kiasi hicho na bado ikasimama, lakini jicho la mtazamaji linaiona kasoro hiyo hata kama mwenyewe hawezi kuitaja.

Basi kabla hujauliza ni nini cha kuongeza, uliza ni nini kilicho kinene kupita kiasi. Anza na kingo zinazoonekana: ukingo wa fenda juu ya gurudumu, ukingo wa dirisha, ncha za bampa, wipa. Zungushia penseli kipande cha msasa wa namba 400 na usugue kutoka upande wa ndani, ukingoni pekee, hadi plastiki iwe nyembamba pale jicho linapofika. Ndani zaidi iache na unene wake ili bodi isivunjike mkononi. Kazi hii huchukua jioni mbili na haigharimu chochote, nami sijaona kifaa cha ziada cha kununua kinachobadilisha modeli kama inavyoibadilisha.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Msasa wa maji wa namba 400 hadi 2000 unapatikana kwenye maduka ya rangi za magari ya barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Waya mwembamba wa shaba umo ndani ya kila kebo ya simu iliyokufa nyumbani kwako, na ukikosa, nenda kwa wauza vifaa vya umeme wa barabara ya Luthuli. Kompresa ndogo na bunduki yake ya kupulizia, zile zinazouzwa kwa wapambaji wa keki, zinatosha kabisa kwa bodi ya modeli, mradi usiirudishe jikoni baadaye.

Rangi ndiyo itakayokutoa jasho, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwanzoni nilipeleka bodi ya kigari kwa fundi mmoja wa rangi kule Grogan, mzee aliyekuwa akipaka magari tangu mimi nikiwa shuleni, nikamwomba anipigie nyekundu ileile anayopiga magari ya watu. Aliigeuza kiganjani, akaikwaruza kwa ukucha, akanirudishia. "Kijana wangu," akasema, "hii ina ngozi ya mtoto mchanga. Thina yangu itaichoma." Nilimshukuru, nikanunua rangi na thina ya kuizimulia dukani, nikaenda kuichoma mwenyewe. Thina ya rangi za magari huyeyusha polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya seti hizi. Uso wa bodi yangu ulipasuka nyufa ndogondogo mithili ya tope lililokaushwa na jua, na nyufa hizo haziondoki kwa kusugua kwa sababu zimeingia ndani ya plastiki yenyewe.

Rangi ya gari inaweza kutumika, lakini kwa adabu. Osha bodi kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta yaliyobaki kutokana na kalibu za kiwandani. Pulizia praima, yaani rangi ya msingi, inayofaa plastiki, iache ikauke usiku mzima, kisha pulizia rangi kwa ukungu mwepesi unaokauka karibu papo hapo, ukingoje dakika kumi au zaidi kabla ya kurudia. Lengo lote ni kuzuia thina isilale juu ya plastiki ikiwa mbichi. Jaribu kwanza kwenye fremu ya seti ile ile uliyokatia vipande. Usijaribu kwenye kijiko cha plastiki, maana kijiko kinaweza kuwa cha plastiki nyingine na kikakudanganya. Na ile klia inayochanganywa na hadna, yaani dawa ya kuigandisha, ambayo hung'aa kama kioo na ambayo kila anayeanza huitamani, ina kemikali za isosayaneti zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Anayeishi chumba kimoja na watoto asiifungue kabisa.

Hali ya hewa ya Nairobi nayo ina la kusema. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, rangi za thina hupata ukungu mweupe kama maziwa, kwa kuwa thina inapopaa hupoza uso wa bodi na unyevu wa hewa unatua juu ya rangi kabla haijakauka. Asubuhi za Julai zenye baridi zina tabia hiyo hiyo. Ngoja saa sita mchana, au ngoja wiki nyingine. Januari unyevu si tatizo, bali vumbi. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi, funga dirisha, kaa kimya robo saa ndipo uanze.

Sasa irudie ile hesabu. Ikiwa mwanya wa mlango ni 0.2 na wewe unapaka praima, rangi na klia zinazofikia jumla ya 0.1 kila upande, mwanya umekwisha. Kwa sababu hiyo mistari ya milango na boneti huchimbwa kabla ya kupaka, kwa kuvuta mgongo wa ncha ya kisu ndani ya mstari mara nyingi na bila nguvu. Ukitumia makali badala ya mgongo, yataruka nje na kukata kovu refu kwenye mlango. Halafu kuna rangi za metaliki. Chembe za alumini zilizomo kwenye rangi ya gari zilitengenezwa kwa gari la kweli, na hazijui kwamba zinapaswa kugawanywa kwa 24. Zikipulizwa kwenye kigari zinaonekana kama vipande vya chupa. Tafuta rangi ya modeli yenye chembe laini, au achana na metaliki hadi uipate.

Krome ya kiwandani ina ugonjwa uo huo. Ni nzito, hung'aa kupita bampa lolote nililowahi kuliona barabarani, na huficha mistari ya kalibu ambayo ulipaswa kuisugua. Loweka vipande hivyo kwenye Jik. Krome yote huondoka, wakati mwingine kwa dakika chache. Suuza, sugua, paka nyeusi inayong'aa, kisha rangi ya krome nyepesi juu yake. Kwa mistari ya fedha inayozunguka vioo, karatasi ya alumini ya jikoni yenye gundi nyembamba inashinda brashi yoyote: ina unene wa milimita 0.016 hivi, ambao ukizidishwa kwa 24 haufiki hata nusu milimita.

Kuongeza kuna mahali pake, nami sikatazi. Chukua Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Geneva mnamo Machi 1961. Boneti yake huinuka pamoja na fenda zote mbili, kwa hiyo ukiifungua kila mtu anaiona injini, na injini isiyo na nyaya za plagi inaonekana uchi. Waya wa plagi wa kweli una milimita saba hivi. Gawanya, upate 0.3. Kabureta tatu za chapa ya SU ziko kulia na eksozi iko kushoto, ukitazama kutoka kwenye kiti cha dereva. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, lakini hapa Jaguar wana mtego: silinda ya kwanza kwao ni ile ya nyuma, karibu na gia, si ya mbele kama watu wengi wanavyodhani. Niliwahi kumaliza nyaya zote sita kwa hesabu ya kuanzia mbele, nikajisifu wiki nzima, hadi mtu mwenye ujuzi wa injini hiyo aliponiuliza kwa upole kama gari langu linawaka.

Rimu zake zenye spoki 72 ziache kama zilivyo kwanza. Spoki za plastiki ni nene, ndiyo, lakini rangi nyeusi iliyozimuliwa ikawa nyepesi ikipitishwa katikati yake hupunguza unene huo machoni, na anayeanza asiyekubali hilo ataishia kununua rimu ghali kuliko seti yenyewe.

Usitegemee picha ya kwenye sanduku. Nenda ukayaone magari yenyewe. Kila mwaka Africa Concours d'Elegance hukusanya magari ya zamani kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na wamiliki wengi, ukiwaamkia vizuri na kuomba ruhusa, hufurahi kukuinulia boneti. Usipige picha ya gari zima, ambayo imejaa kila mahali. Inama upige picha ya mahali tairi linapokaribiana na fenda, kwa sababu urefu wa gari kutoka ardhini ndio unaokosewa zaidi kwenye modeli, na milimita moja ya kosa ni sentimita 2.4 kwenye gari la kweli.

Kwetu hapa swali hilo la urefu lina uzito wa pekee, maana karibu kila anayeanza Nairobi anataka gari la Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ile ya 1971 ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimrudie dereva machoni. Gari la Safari husimama juu kuliko la barabarani, kwa hiyo usilishushe kwa kuiga picha za magari ya lami. Amua pia ni gari la saa ngapi. Lililopanga foleni ya kuanza ni safi kabisa. Lililokwisha kupita barabara za Kenya, Uganda na Tanzania halina uso safi, na modeli inayochanganya hali hizo mbili, tairi zenye tope chini ya bodi inayometa, haijawahi kuwako duniani.

Ukichagua vumbi, usichote udongo wa kando ya barabara, hata kama ni wa mahali ambapo magari yalipita. Chembe ya nusu milimita ni kokoto ya milimita kumi na mbili. Saga chaki za rangi kwenye msasa hadi ziwe unga kama wa ngano, na uchanganye kulingana na nchi unayoisimulia: murram ni nyekundu, vumbi la upande wa Naivasha ni la kijivu kilichofifia, na tope la udongo mweusi wa Athi ni jeusi likiwa bichi na la majivu likikauka. Anza nyuma ya magurudumu na kwenye mlango wa buti, kwa sababu hewa inayozunguka nyuma ya gari hulivuta vumbi huko, kisha punguza kuelekea mbele. Kata karatasi kwa umbo la upinde wa wipa na uiweke kwenye kioo kabla ya kupaka, uitoe mwishoni. Usipulizie klia juu ya unga huo, kwani karibu wote utatoweka. Ufunge modeli kwa skrubu mbili kwenye ubao kupitia chasi, na kuanzia hapo ishike kwa ubao.