Imani za Kale Ndani ya Riwaya ya Kihistoria: Mnauliza, Tunajibu

Naandika kuhusu Vita vya Maji Maji. Msomaji anajua maji hayakuzuia risasi. Nifanyeje wahusika wasionekane wajinga? (Njombe)

Tanguliza miiko. Maji hayo, dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yalikuwa na masharti: miongoni mwake, mpiganaji asilale na mwanamke na asipore mali. Riwaya yako imo humo. Mtu akianguka, wenzake hawasemi dawa ni uongo. Wanaulizana nani kavunja mwiko. Basi, sura mbili kabla ya shambulio, kijana mmoja afiche shuka aliloiba, na mwenzake amwone. Risasi zikishalia, hofu itahamia ndani ya kundi, na mashaka juu ya dawa yenyewe yatafuata polepole. Kinachoharibu miswada mingi ni msimulizi kudakia: "Kumbe zilikuwa imani potofu tu." Huyo ni mtu wa leo, mtoe. Na usiwanyweshe Wahehe dawa hiyo eti kwa kuwa ni majirani. Wabena wengi walijiunga, Wahehe kwa jumla hawakujiunga.

Bundi alie mara ngapi? (Iringa)

Mara moja inatosha. Akilia kila kabla ya msiba, msomaji atajua yajayo na ataruka kurasa. Mlio ubadilishe uamuzi: mama aahirishe safari ya kesho, na kwa kuahirisha apishane na mjumbe aliyekuwa anamfuata.

Riwaya yangu ni ya 1893. Naweza kutumia hazina ya Wajerumani inayolindwa kwa uchawi Ziwa Ngozi? (Tukuyu)

Hapana. Wamisionari wa Kijerumani waliingia Rungwe 1891. Waliofika juzi hawajaacha hazina. Simulizi hiyo inahitaji Wajerumani waliokwisha kimbia, yaani baada ya 1916. Ukibaki 1893, tumia ziwa lenyewe: maji ndani ya kreta, yasiyo na mto unaotoka. Hofu ipo tayari.

Mganga wa 1895 adai shilingi tano? (Makambako)

Shilingi ilikuja na Waingereza. Wakati huo ni rupia, iliyogawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Sarafu za heller, 100 kwa rupia, zilianza 1904. Mbuzi ni salama zaidi.

Nataka babu asimulie alivyoona Kimondo cha Mbozi kikianguka. (Mbeya)

Hilo halikubaliki hata katika hadithi ya kubuni. Chuma hicho cha tani nyingi kilianguka zamani mno, hata shimo lake halionekani. Wageni walikitambua 1930, lakini wenyeji walikuwa nacho siku zote. Babu aseme alikikuta, na babu yake naye alikikuta. Kisha amkataze mjukuu kukigusa bila kueleza sababu.