Muulize Nahodha: Lile tanga dogo la ndani ni la nini?

Mwezi huu barua za matanga zimekuwa nyingi kuliko za injini, sijui mafuta yamepanda au watu wa Mwanza wameanza kuupenda upepo. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ina mambo.

SWALI: Shikamoo nahodha. Mi naangalia boti ya mzungu mmoja hapa Capri Point, ni ile aina ya kata, mlingoti mmoja halafu mbele matanga mawili, la nje jibi la rola, la ndani steiseli dogo linapandishwa kwa kamba. Bosi akisafiri ananiruhusu niitembeze. Shida ni hilo dogo, nikilipandisha boti haiongezi mwendo na saa nyingine ndo inapungua kabisa, halafu nikigeuza, jibi linanasa kwenye waya wa ndani, ule unaobeba hilo dogo, mpaka mtu aende mbele kulisukuma. Rafiki yangu anasema nilivue nilitupe stoo na waya wake nifungue. Unasemaje? (Msomaji, Capri Point)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilivue. Huyo rafiki yako siku upepo ukija wa maana mtalitafuta wote huko stoo.

Kwanza jua kwamba steiseli si tanga la upepo mdogo. Asubuhi ziwa limetulia hata ulipandishe vipi litaning'inia tu na kuliharibia jibi hewa yake, kwahiyo liache chini. Kazi yake inaanza kuonekana upepo ukikaribia kilomita 28 kwa saa hivi, na hasa ukiwa unabisha, yaani unapanda kuelekea upepo unakotoka, au upepo unakupiga ubavuni. Ukiwa na upepo mgongoni nalo halina kazi, tanga kuu linaliziba. Kwa safari zenu za huko ina maana hivi, mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na Mwanza ipo kusini, kwahiyo ukielekea Nansio alasiri mara nyingi unabisha, hapo lipandishe, ukirudi na upepo huohuo nyuma lishushe upumzike.

Sasa kwanini linapunguza mwendo. Nina hakika unalivuta sana. Watu wakiona tanga lipo karibu na mlingoti wanalikaza mpaka linakuwa kama ubao, matokeo yake upepo unaotoka kwake unaenda kupiga tanga kuu kwa nyuma. Angalia tanga kuu pale linapogusana na mlingoti, ukiona panabonyea bonyea kuelekea ndani jua steiseli ndo mchawi, ilegeze kamba yake kidogo kidogo mpaka pajae tena. Halafu simama nyuma utazame kingo za nyuma za matanga yote matatu, zinatakiwa zifuatane mkunjo, asiwepo mmoja aliyejifunga peke yake.

Kitu cha pili ni kapi ya kamba ya kuvutia, ile inayotembea kwenye reli juu ya deki. Wengi wanaikuta ilipo wanaiacha hapohapo miaka. Jaribu hivi: upo unabisha, peleka omo, yaani pua ya boti, pole pole kwenye upepo huku macho yapo ukingo wa mbele wa steiseli. Sehemu ya juu ikianza kucheza kabla ya chini, kapi ipo nyuma mno, isogeze mbele. Chini ikianza kucheza kwanza, irudishe nyuma. Zikicheza juu na chini kwa pamoja weka alama ya rangi kwenye reli, basi, umemaliza hiyo kazi. Kama hutaki kujaribu sana, fuata mstari wa kamba kuanzia kwenye kapi kupita kona ya tanga, ukiuendeleza kwa macho ukutane na ukingo wa mbele karibu na katikati yake.

Waya nao una mambo yake, na hapa naomba unisikilize vizuri. Waya wa ndani haufiki kileleni mwa mlingoti, unashika chini kidogo, kwahiyo tanga likijaa linauvuta mlingoti mbele pale katikati. Ndo maana boti nyingi za hivi zina waya mbili za nyuma, moja kila upande, zinazokazwa na kulegezwa kila ukigeuza. Ya upande upepo unakotokea ndo inakazwa, ya upande mwingine inalegezwa isigongwe na bumu, ule mti unaoshika tanga kuu kwa chini. Kwenye upepo wa kawaida watu wanazifunga pembeni wanasahau, sawa, lakini ukiona mlingoti unapumua katikati, unaenda mbele unarudi, kaza mara moja usisubiri. Na ukigeuza, mpya inashika kwanza ndo ya zamani unaiachia. Usije pia ukaukaza waya wa ndani kuliko wa nje unaobeba jibi, wa nje utalegea na jibi litakuwa na tumbo, hapo hata kubisha utashindwa.

Jibi kunasa ni ugonjwa wa kata zote, hujalogwa. Dawa ya uvivu ni kukunja jibi kwa rola mpaka karibu nusu, ugeuze, ulifungue tena. Ila cha ajabu ni kwamba jibi linapita vizuri zaidi steiseli ikiwa juu kuliko waya ukiwa mtupu, maana linateleza juu ya kitambaa badala ya kukamatwa na waya. Tena usiwahi kuachia steiseli ukigeuza, iache ishike upepo kwa nyuma sekunde chache, itaisukuma omo ivuke, halafu ndo uibadilishe. Tazama na mafundo ya kamba kwenye kona ya jibi, mafundo mawili manene yanapenda sana kujikwaa hapo.

Ila sababu kubwa ya kutolivua ni dhoruba. Za ziwa hili unazijua, zinapenda usiku na kuelekea asubuhi, upepo wa nchi kavu ukishatoka pande zote kukutana katikati, na unaweza kuwa na nyota juu halafu dakika chache baadae huoni omo yako. Hapo unakunja jibi lote, unapunguza tanga kuu, unabaki na steiseli. Nguvu yote inakuwa chini na karibu na mlingoti, boti hailali sana, usukani hauvuti, na hakuna mtu wa kutambaa mpaka mwisho wa omo. Jizoeshe huo mpangilio mchana, upepo ukiwa wa kawaida. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakishatoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa we baki kwenye boya, steiseli si leseni.

SWALI: Kaka nahodha, eti boti ya matanga inaweza kusimama katikati ya ziwa bila nanga? (Msomaji, Nansio)

JIBU: Inaweza, karibu. Pitisha omo kwenye upepo kama unageuza, ila kamba ya steiseli usiiguse, ibaki imevutwa upande uliokuwa. Tanga kuu lililopunguzwa lilegeze, usukani uuelekeze kama unataka kurudi kwenye upepo, uufunge. Steiseli inasukuma omo iukimbie upepo, tanga kuu na usukani vinairudisha, boti inatulia unapika chai. Inafaa kusubiri mapambazuko kama mbele taa za wavuvi wa dagaa zimejaa na hutaki kupita juu ya nyavu za watu. Lakini haisimami kabisa, inasogea hata kilomita 2 au 3 kwa saa kuelekea upepo unakoenda, kwahiyo fanya ziwani penye nafasi. Ndani ya ghuba usijaribu, pale Kigongo na Busisi daraja zima ni kama kilomita 3 tu, na mawe ya Mwanza hayana taa.

SWALI: Nahodha mi nna mtumbwi wa tanga la turubai, naweza kuongeza tanga la pili mbele kama hizo boti za wazungu? (Msomaji, Igombe)

JIBU: Hapana ndugu yangu. Kata ina mkuku wenye uzito chini na mlingoti umeshikwa na waya kila upande. Wako umeshikwa na tundu la kwenye ubao, ukiuvuta mbele utavunjika au utaenda nao majini. Hiyo hela ya tanga nunua jaketi za kuokolea, moja kwa kila anayepanda.